Bei Zimepanda Ughaibuni: Ubaki na Kubana, Uhamie Pembezoni, Ushirikiane Nyumba au Ubadili Mji?

Anayeishi ughaibuni huanza kuyaona mabadiliko kwenye vitu vidogo. Pakiti ni ileile na rangi ni ileile, ila gramu zimepungua. Nauli imepanda kidogo. Kampuni ya umeme imeleta barua ndefu kuliko kawaida. Kisha inafika barua ya mwenye nyumba, na hapo hesabu inagoma. Wengi huamua kuhama wakiwa bado na hasira ya barua hiyo, na hesabu wanayopiga ni moja tu: hapa pango ni 880, kule ni 680, twende kule. Hesabu hiyo imewaingiza watu wengi kwenye gharama kubwa zaidi ya ile waliyoikimbia.

Makala hii inalinganisha njia nne: kubaki ulipo na kubana matumizi, kuhamia pembezoni mwa mji, kushirikiana nyumba na wengine, na kuhamia mji mwingine mdogo zaidi. Zote zinapimwa kwa vigezo vilevile. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Ipo inayomfaa mtu fulani, mwenye kibali fulani, kazi fulani na familia fulani.

Kabla ya kuchagua, pima bei zimekupanda kiasi gani wewe

Kiwango cha mfumuko wa bei kinachotangazwa na serikali ni wastani wa kapu la bidhaa na huduma za nchi nzima. Kapu lako halifanani nalo. Anayepanga nyumba na kutuma pesa kwao hana matumizi sawa na mwenye nyumba yake aliyestaafu.

Toa taarifa za benki za miezi mitatu iliyopita na za miezi hiyohiyo mwaka jana. Lazima iwe miezi ileile, kwa sababu ukilinganisha miezi ya baridi na ya joto, bili ya kupasha nyumba itakudanganya. Gawa matumizi katika mafungu saba: pango, nishati na maji, chakula, usafiri, simu na intaneti, pesa za nyumbani, na mengineyo. Toa ya zamani kwenye ya sasa, gawa kwa ya zamani, zidisha kwa 100.

Tuchukue mfano mmoja tutakaoutumia mpaka mwisho. Mshahara wa mkononi ni 2,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote uitakayo. Pango lilikuwa 800, sasa 880. Nishati 120, sasa 150. Chakula 300, sasa 345. Usafiri 80, sasa 84. Simu na intaneti 40, hazijabadilika. Nyumbani unatuma 200, nazo hazijabadilika. Mengineyo 160, sasa 168. Jumla imetoka 1,700 hadi 1,867. Hilo ni ongezeko la 167, yaani asilimia 9.8. Baki ya mwezi imeshuka kutoka 300 hadi 133.

Sasa angalia 167 hizo zimetoka wapi. Pango peke yake limechukua 80, karibu nusu. Chakula 45, nishati 30, na vingine vyote kwa pamoja 12. Nauli inayokuudhi kila asubuhi imeongeza 4 tu. Tunavikumbuka vitu tunavyovilipia mara kwa mara, lakini mfuko unatobolewa na vitu vinavyolipwa mara moja kwa mwezi.

Kuna mitego miwili kwenye upimaji huu. Wa kwanza ni kipimo kilichopunguzwa. Pakiti ya gramu 500 ikishuka hadi gramu 450 kwa bei ileile, bei ya kilo imepanda kwa asilimia 11.1, si 10, na risiti haitakuonyesha kitu. Soma bei kwa kilo au kwa lita, ambayo katika nchi nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kwenye rafu. Wa pili ni kubadilisha kila bei kuwa sarafu ya kwenu. Ukifanya hivyo kila kitu ni ghali, siku zote, na hutajua kipi kimepanda kweli. Geuza bei kuwa saa za kazi. Kwa mshahara wa 2,000 na saa 173 hivi kwa mwezi, saa moja ni takriban 11.5. Kitu cha 23 ni saa mbili za jasho lako, na kipimo hicho hakiyumbishwi na soko la fedha za kigeni.

Vigezo vitano

Cha kwanza ni jumla ya mwezi, si pango peke yake. Cha pili ni gharama za mara moja: usafirishaji wa mizigo, pango la nyumba mbili wakati wa kuhama, vifaa. Zigawe kwa akiba ya mwezi upate miezi ya kurudisha pesa. Ikiwa miezi hiyo ni mingi kuliko muda uliobaki kwenye kibali chako, hesabu imekufa hapohapo. Cha tatu ni muda na mwili, yaani saa za njiani, usingizi, ngazi. Cha nne ni karatasi: mkataba, notisi, usajili wa anwani, kibali cha kuishi. Cha tano ni urahisi wa kurudi nyuma ukigundua umekosea.

Amana ya nyumba isihesabiwe kama gharama, kwa sababu hurudi, ila ihesabiwe kama pesa taslimu unayopaswa kuwa nayo. Ile ya zamani mara nyingi hurudi wiki au miezi kadhaa baada ya kutoka, na mpya inadaiwa kabla ya kuingia. Watu wengi wenye mpango mzuri hukwama kwenye pengo hilo.

Njia ya kwanza: kubaki na kubana

*Jumla ya mwezi.* Tukibana kwa bidii isiyo ya kujitesa, nishati itashuka kutoka 150 hadi 135, chakula kutoka 345 hadi 310, simu kutoka 40 hadi 25, mengineyo kutoka 168 hadi 140. Hiyo ni akiba ya 93, na baki inapanda kutoka 133 hadi 226. Haijafika 300 ya mwaka jana. Kubana kunasaidia, lakini hakugusi pango, na pango ndilo lililobeba karibu nusu ya ongezeko.

Kwenye nishati, elekeza nguvu kwenye joto. Ukibadili balbu ya wati 60 kwa ya LED ya wati 9 inayowaka saa 5 kwa siku, unaokoa chini ya uniti 8 kwa mwezi. Hita ndogo ya umeme ya wati 2,000 ikiwashwa saa hizohizo 5 hula uniti 10 kwa siku, yaani 300 kwa mwezi. Badili balbu, sawa, lakini anza na hita. Kushusha kidhibiti joto kwa nyuzi 1 hupunguza takriban asilimia 6 hadi 7 ya nishati ya kupasha nyumba. Soma mita tarehe ileile kila mwezi na uandike uniti, si pesa. Uniti zikiwa zilezile na bili imepanda, tatizo ni bei na dawa yake ni kutafuta mkataba mwingine. Uniti zikipanda, tatizo liko ndani ya nyumba.

Usizime joto kabisa wakati wa baridi. Mvuke wa kupikia, kuoga na nguo zinazokaushwa ndani hutua kwenye kuta baridi, hasa kona zilizo nyuma ya kabati, na baada ya wiki chache ukungu mweusi unatokea. Unaharibu mapafu, kisha unakula amana siku ya kutoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa joto salama la ndani msimu wa baridi, na wenye watoto wachanga, wazee au pumu wanaweza kuhitaji zaidi. Fungua madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kisha uyafunge. Dirisha lililoachwa nusu wazi siku nzima linapoza ukuta na kutupa pesa nje.

Kwenye simu, angalia kama muda wa lazima wa mkataba umekwisha. Mikataba mingi iliyojumuisha bei ya simu huendelea kukata kiasi kilekile hata baada ya simu kulipiwa yote, mpaka mteja mwenyewe aandike.

Pango nalo linaweza kujadiliwa, ingawa wageni wengi hawajaribu. Barua ya kupandisha ikifika, soma mambo matatu kabla ya kukubali: je, notisi imetolewa kwa muda unaotakiwa na sheria, je, sheria ya mahali hapo inaweka ukomo wa kupandisha, na je, mkataba wenyewe unaruhusu. Kisha mwandikie mwenye nyumba kwa adabu, ukitaja nyumba tatu zinazofanana nayo katika mtaa huohuo na bei zake, ukimwomba 850 badala ya 880 kwa ahadi ya kukaa miaka miwili. Kwa mwenye nyumba, mwezi mmoja bila mpangaji unamgharimu zaidi ya punguzo hilo la miaka yote miwili: 30 mara 24 ni 720, na mwezi mtupu ni 880. Hesabu hiyo anaijua. Usisaini wala usilipe bei mpya kabla ya kuuliza, kwa sababu mahali pengi kulipa huhesabika kuwa umekubali.

*Gharama za mara moja.* Karibu hakuna.

*Muda.* Saa chache mwezi wa kwanza, baadaye ni mazoea.

*Karatasi na kurudi nyuma.* Hakuna kinachoguswa, na unaweza kuacha wakati wowote.

Kosa linaloharibu njia hii ni kubana kwa kusubiri bei zirudi. Mfumuko ukishuka kutoka asilimia 10 hadi 3, bei hazijashuka, zinapanda polepole tu. Kitu cha 100 kimekuwa 110, kisha 113.3. Uingereza mfumuko ulifika asilimia 11.1 Oktoba 2022 na kushuka hadi 2.0 Mei 2024, lakini aliyekuwa akisubiri bei za zamani bado anasubiri. Ikiwa mpango wako unategemea bei kurudi, huna mpango.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkataba wa zamani ambao pango lake, hata baada ya kupanda, bado liko chini ya bei ya soko. Mwenye watoto katikati ya mwaka wa shule. Mwenye kibali kinachoisha ndani ya mwaka mmoja.

Njia ya pili: kuhamia pembezoni

*Jumla ya mwezi.* Pango linashuka kutoka 880 hadi 680. Nauli inapanda kutoka 84 hadi 170 kwa sababu umevuka kanda za nauli. Nishati inapanda kutoka 150 hadi 165, maana nyumba za pembezoni mara nyingi ni kubwa zaidi au zina kuta nyingi zinazotazama nje. Akiba halisi si 200, ni 99. Baki ni 232. Linganisha na 226 ya yule aliyebaki na kubana: tofauti ni 6.

*Gharama za mara moja.* Gari la mizigo 200, nusu mwezi wa kulipa nyumba mbili 440, pazia, taa na vifaa vidogo 250. Jumla 890. Gawa kwa 99, unapata miezi 9 kabla ya kupata faida ya senti moja. Nje ya hapo, amana ya miezi miwili ni 1,360 unazopaswa kuwa nazo mkononi.

*Muda.* Hapa ndipo njia hii inapopata au kupoteza. Dakika 40 zaidi kwenda na 40 kurudi, kwa siku 22, ni saa 29 na dakika 20 kwa mwezi. Umeuza saa hizo kwa 99, yaani takriban 3.4 kwa saa, wakati mwajiri anakulipa 11.5. Lakini anayefanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki anasafiri siku 9 tu kwa mwezi. Saa zake za ziada ni 12, na akinunua tiketi za siku badala ya ya mwezi nauli inaweza kuwa 110. Akiba yake inakuwa 159, na gharama zinarudi kabla ya miezi 6. Nyumba ni ileile na treni ni ileile, ila mmoja amepata na mwingine amepata hasara. Kwa hiyo hakikisha ruhusa ya kufanya kazi nyumbani imeandikwa kwenye mkataba wa kazi. Ruhusa ya mdomo huondoka na msimamizi aliyeitoa.

Pima njia kabla ya kusaini. Nenda siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa ukisafiri, kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa kazi. Tangazo likisema dakika 35, mara nyingi zinahesabiwa kituo hadi kituo, bila kutembea na bila kusubiri. Kagua pia safari ya mwisho ya usiku na ratiba ya Jumapili. Mfanyakazi wa zamu anayetoka saa sita usiku, na basi la mwisho likaondoka saa tano na nusu, atalipa teksi, na teksi nne tu kwa mwezi zinaweza kufuta akiba yote.

Na kama nyumba hiyo haikaliki bila gari, anza hesabu upya: bima, kodi ya gari, mafuta, matengenezo, maegesho ya kazini. Kwa pengo la pango la 200, gari peke yake hulimaliza mara nyingi.

*Karatasi.* Notisi ya kutoka, kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, na usajili wa anwani mpya ndani ya siku zilizowekwa. Uliza nyumba inapashwa joto kwa kutumia nini na uombe bili za mwaka mzima uliopita. Angalia pia kama pango jipya limefungwa na kiwango cha mfumuko wa bei, kwa maana kwamba linapanda lenyewe kila mwaka takwimu zikipanda. Pango la 680 likipanda asilimia 8 linakuwa 734, na nusu ya akiba yako imekwenda.

*Kurudi nyuma.* Kugumu. Ukirudi katikati ya mji utapanga kwa bei ya siku hiyo, wala si ile uliyoiacha.

*Inamfaa nani.* Familia inayohitaji vyumba zaidi, anayefanya kazi nyumbani siku nyingi, na yule ambaye kazi yake yenyewe iko pembezoni.

Njia ya tatu: kushirikiana nyumba

*Jumla ya mwezi.* Hakuna njia inayookoa kama hii. Chumba 480 badala ya 880, mgawo wa nishati 60 badala ya 150, simu na mgawo wa intaneti 30 badala ya 40. Akiba 500. Baki inakuwa 633.

*Gharama za mara moja.* Mizigo 100, nusu mwezi wa nyumba mbili 440, jumla 540, zinarudi kwa mwezi mmoja na siku chache. Ukilazimika kulipia ghala la samani, ongeza hiyo kwenye matumizi ya kila mwezi, au uza samani mapema. Ghala la miaka miwili mara nyingi hugharimu zaidi ya kitanda kilichomo.

*Muda na mwili.* Huongezi safari, lakini unapunguza utulivu. Mwenye zamu za usiku na mwenzake wa mchana watagombana bila yeyote kuwa na kosa.

*Karatasi.* Hapa ndipo penye hatari, na ndipo wageni huumia zaidi. Jua jina lako liko wapi. Kuna aina tatu. Ya kwanza, wote mmesaini mkataba mmoja na mwenye nyumba. Mara nyingi hii ina dhamana ya pamoja: mmoja akitoroka, waliobaki wanadaiwa pango lote, si sehemu zao tu. Ya pili, mmoja ndiye mpangaji mkuu na wengine wanapanga kutoka kwake. Hapo uliza kwa maandishi kama mwenye nyumba ameruhusu, maana asiporuhusu, mpangaji mkuu akifukuzwa nanyi mnatoka naye. Ya tatu, kila mmoja ana mkataba wa chumba chake na mwenye nyumba mwenyewe. Hii hugharimu kidogo zaidi na ndiyo salama kuliko zote.

Swali la pili: je, unaruhusiwa kusajili anwani hapo? Katika nchi zenye usajili wa makazi, chumba cha bei nafuu "bila usajili" si nafuu. Barua za ofisi ya uhamiaji hazikufikii, benki haikubali, na pengo la anwani linaweza kuulizwa unapohuisha kibali. Wenye mpango wa kumleta mke, mume au watoto waangalie zaidi. Nchi nyingi hudai mwombaji awe na makazi yenye nafasi ya kutosha kwa familia, na chumba cha kushirikiana hakipiti. Unaweza kushirikiana sasa ili ulimbikize amana, ila panga miezi kadhaa ya kuwa na nyumba yako kabla ya kupeleka maombi.

Siku ya kuingia, piga picha kila ukuta, godoro, dirisha na mita ya umeme huku namba zikisomeka, na uzitume kwa wahusika wote siku hiyohiyo ili zibaki na tarehe. Usilipe amana kabla hujaiona nyumba kwa macho na kujua jina la anayepokea. Lipa kwa benki, si mkononi.

Kisha andikeni ukurasa mmoja wa makubaliano: tarehe ya kila mtu kulipa, nani anatuma kwa mwenye nyumba, wageni wanalala siku ngapi, usafi kwa zamu zipi, anayetoka anatoa notisi ya siku ngapi, na anayeingia anampa nani amana. Bili zigawanywe sawa kama vyumba vinafanana. Kama mmoja anafanya kazi nyumbani mchana kutwa wakati wa baridi, aongeze sehemu kwenye bili ya joto. Sabuni, karatasi za choo na mifuko ya taka viwe na mfuko wa pamoja wa kiasi kidogo kila mwezi. Nyumba nyingi za kushirikiana huvunjika kwa vitu hivyo kabla hazijavunjika kwa pango.

*Kurudi nyuma.* Rahisi, kama notisi ni fupi na dhamana si ya pamoja.

*Inamfaa nani.* Asiye na familia naye, aliyefika karibuni, mwenye deni la kumaliza, au anayelenga kulimbikiza kiasi fulani kwa muda anaoujua. Haimfai anayefanya kazi ya sauti nyumbani wala mwenye watoto wadogo.

Njia ya nne: kuhamia mji mdogo zaidi, nchi ileile

*Jumla ya mwezi.* Pango 560 badala ya 880, usafiri 50 badala ya 84, lakini mshahara wa mkononi 1,800 badala ya 2,000. Akiba ni 354, mshahara umepungua 200, faida ni 154. Baki 287. Kwa hiyo ulizia mshahara kwanza, pango baadaye. Kazi zinazolipwa kwa viwango vya kitaifa, kama uuguzi au ualimu katika baadhi ya nchi, hazipunguzi mshahara ukihama, na kwa watu hao njia hii inaweza kuzizidi zote isipokuwa kushirikiana.

*Gharama za mara moja.* Zihesabu kuwa 1,200 au zaidi, pamoja na safari za usaili na za kutafuta nyumba. Zinarudi kwa takriban miezi 8.

*Karatasi.* Kama kibali chako kimefungwa kwa mwajiri mmoja, usiache kazi kabla ya idhini ya kumhamia mwajiri mpya. Mpangilio ni ofa ya maandishi, maombi ya kubadili, idhini, kisha barua ya kuacha kazi. Ukiupindua, unaweza kujikuta huna kazi wala kibali.

*Muda na kurudi nyuma.* Njia za kila siku hufupika, lakini ofisi ya ubalozi, mkalimani, nyumba ya ibada ya dini yako na watu wanaozungumza lugha yako huwa mbali. Mwenza naye apate kazi huko, la sivyo umeokoa 154 na kupoteza mshahara mzima. Kurudi nyuma ni kugumu kuliko kwa njia zote.

*Inamfaa nani.* Mwenye ujuzi unaohitajika kila mahali na mwenye mpango wa kukaa miaka mitatu na zaidi.

Kurudi nyumbani kabisa hakuingii kwenye ulinganisho huu, kwa sababu mshahara, kapu na sarafu vyote vinabadilika. Anayelifikiria aulize mapema michango yake ya pensheni inalipwaje akiwa nje, na kibali chake kinakufa baada ya kukaa nje kwa muda gani.

Pesa za nyumbani zisiachwe nje ya hesabu

Katika mfano wetu 200 hazikubadilika, lakini bei huko nako zimepanda, kwa hiyo mahitaji yataongezeka. Kabla ya kupunguza unachotuma, punguza kinachopotea njiani. Benki ya Dunia imekuwa ikiripoti wastani wa gharama za kutuma ng'ambo 200 za dola za Marekani kuwa zaidi kidogo ya asilimia 6, na Malengo ya Maendeleo Endelevu yanataka ziwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwenye 200, tofauti hiyo ni 6 kila mwezi. Gharama zina sehemu mbili, ada inayoonekana na pengo la kiwango cha kubadilisha sarafu lisiloonekana. Palipoandikwa "bila ada" angalia pengo. Linganisha kitu kimoja tu: nikitoa 200, atapokea ngapi mkononi, saa hiihii, kwa kila kampuni. Penye ada ya kudumu, tuma mara moja kwa mwezi badala ya mara nne.

Uamuzi kwa hali yako

Kibali kimebakiza chini ya miezi 12 na hujui kama kitahuishwa: baki, bana, jadili pango. Ukilazimika kutoka, chukua chumba chenye notisi fupi na usajili wa anwani.

Una mwenza na watoto, na mmoja wenu anafanya kazi nyumbani siku nyingi: pembezoni kuna maana. Piga hesabu ya tiketi za watu wote, si yako tu, na uhame mwaka wa shule ukiisha.

Uko peke yako na baki yako imekuwa sifuri au chini: shirikiana nyumba. Hakuna kubana kutakakoziba tundu la ukubwa huo, na kila mwezi wa kusubiri unaongeza deni.

Zamu za usiku: usiende pembezoni kabla ya kusoma ratiba ya usafiri wa usiku. Chumba cha kushirikiana karibu na kazi, pamoja na wenzako wa zamu kama hizo, mara nyingi hufaa zaidi.

Unataka kuleta familia ndani ya miaka miwili: shirikiana kwa mwaka wa kwanza ulimbikize, kisha hamia nyumba yako pembezoni au mji mdogo kabla ya kupeleka maombi, ukihakikisha ukubwa wake unakubalika na ofisi husika.

Mshahara wako ni wa kiwango cha kitaifa na kibali hakijafungwa kwa mwajiri: tafuta nafasi mji mdogo kabla ya kufikiria pembezoni mwa mji uliopo.

Na kama barua ya mwenye nyumba imefika wiki hii, usijibu leo. Leo andika tarehe iliyopokelewa na upige picha bahasha. Kesho tafuta ukomo wa kisheria na ushauri wa bure wa chama cha wapangaji au ofisi ya manispaa. Ndani ya wiki peleka ombi la kujadili kwa maandishi. Notisi ya kutoka itolewe tu ukiwa na mkataba mpya uliosainiwa mkononi.